Programu Iliyo Yangu Gakindu na Yako Kutus

Mwanangu,

Usicheke. Najua ukiliona neno hilo utadhani nimeanza mchezo wetu wa zamani, na leo sichezi. Wewe ni baba yangu na mimi ni binti yako wa kwanza. Lakini nilipewa jina la mama yako, Wangui, jinsi desturi yetu inavyotaka, na tangu nilipojifunza kuketi umeniita Maitu, mama yangu. Umeniita hivyo sokoni, kanisani, hata shuleni siku ya wazazi, mbele ya wasichana ambao hawakuliacha jambo hilo mpaka tulipomaliza kidato cha nne. Cucu, yaani nyanya yangu huyo, sikumkuta. Wanasema alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja tu.

Kesho unatoka nyumbani kwenda kukaa Kutus kwa kazi mpya, na mama ndiye humwambia mtoto maneno kabla hajavuka mlango. Kwa hivyo nalitumia jina ulilonipa. Kama binti siwezi kukuambia haya. Nimejaribu tangu Jumapili, na kila nikifungua kinywa najikuta nakuuliza kama unataka chai.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama ameshaiweka, na Kutus kuna joto kuliko huku, utairudisha bila kuivaa. Dawa zako za presha, chakula, kupiga simu, hayo yote yana wenyewe. Mimi nimekasirika, baba, na nataka uondoke ukijua ni kwa nini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza orodha za vifaa nilipokuwa mdogo? Ulikuwa ukichora saketi kwenye kompyuta pale dukani, kisha unakaa mbele ya skrini na kunisomea kifaa kimoja kimoja kwa sauti, mimi nikiandika. Rezista, kilo-ohm kumi. Kapasita, maikro mia. Diodi ya kawaida. Ukifika katikati mteja anaingia na redio yake, unapoteza mahali, tunaanza tena. Ukienda Nairobi kununua vifaa unarudi umesahau kimoja, na kimoja hicho ndicho bodi ya saketi haiwezi kuwaka bila yake. Nilipenda saa zile. Nilijua thamani za rezista kwa rangi zake kabla sijajua majina ya kaunti.

Siku moja mteja alisema, "Fundi, huyu mtoto asishike simu yangu, ataivunja." Hata hukuinua macho kutoka kwa solda. Ulisema, "Huyo si mtoto, huyo ni mama yangu. Na akiivunja, hata mimi singeweza kuitengeneza." Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima. Ninayataja sasa ili ujue kwamba najua unaweza kunitetea. Uliwahi kufanya hivyo bila hata kusimama.

Kisha nikafika kidato cha tatu, tukafundishwa kuandika programu, na likizo hiyo nikaufungua mchoro wako mmoja kwa njia ambayo wewe hukuwahi kuufungua, kama maandishi matupu. Ndani hamkuwa na picha hata moja. Mlikuwa na maneno, mabano ndani ya mabano ndani ya mabano: kila kifaa na jina lake, thamani yake, umbo la miguu yake na mahali kilipokaa kwenye ukurasa. Kila kitu ulichokuwa ukinisomea kwa sauti kilikuwa kimeandikwa humo tayari, kinangoja mtu akitoe. Nilifurahi hadi maziwa yakafurika jikoni na Mama akaniita mpumbavu.

Niliandika programu hiyo likizo ile na nyingine iliyofuata. Sehemu inayoingia kwenye faili na kutoa vifaa niliiita kamua. Inayotupa visivyotakiwa niliiita chuja. Inayojumlisha vinavyofanana niliiita pima. Hizo ndizo kazi zangu za asubuhi zizini, na sikuwa na majina mengine kichwani. Nilikosea mengi. Orodha ya kwanza ilitaka tununue alama za ardhi, zile za kuonyesha waya unakorudi, kana kwamba nazo ni vifaa vya dukani. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Maitu, ardhi tutanunua wapi sisi? Unajua bei ya ploti hapa Mukurweini?" Ndiyo sababu kuna chuja. Halafu ilihesabu chipu moja mara mbili, kwa kuwa wewe huichora vipande viwili ili mchoro upendeze. Nikarekebisha hilo pia. Nilijifunza kwamba mchoro hutengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu, na programu haina macho. Lazima uiambie yote ambayo mtu angeyaona tu.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulijua, kwa sababu hukuwahi kuniambia, na pengine hukujua kwamba ni jambo.

Kila kifaa kwenye mchoro kina nafasi yake ya kuandikia thamani. Wewe hujawahi kuipenda nafasi hiyo. Ulifundishwa kuchora kwa penseli, na mtu wa penseli huandika pembeni. Kwa hivyo unachukua rezista uliyokwisha kuiweka, unainakili, unaficha thamani yake ya zamani isionekane, kisha unaandika mpya kando yake kama maandishi ya kawaida yasiyofungwa kwa kitu chochote. Mtu akiutazama mchoro ataona uko sawa kabisa. Ndani ya faili, rezista bado inasema ile namba ya zamani.

Hivyo ndivyo ulivyoichora bodi ya tanki la kupozea maziwa la chama cha wakulima wa Gakindu. Rezista ile inayokaa karibu na sensa ya joto ilikuwa na thamani moja kwenye skrini na nyingine ndani. Programu yangu ilitoa ya ndani. Ukanunua kwa orodha, ukachoma solda kwa orodha, hukuutazama mchoro wako mwenyewe tena. Na mimi nilisema. Nilisema kwa sauti yangu ndogo, lakini ulisikia, kwa maana ulijibu. Nilisema, "Tuijaribu na maji kwanza." Ukasema, "Maitu, bodi kama hizi nimetengeneza kabla hujazaliwa, na mwenyekiti ananipigia simu kila saa."

Tanki likadhani maziwa yamepoa yakiwa bado vuguvugu. Likazima kompresa. Asubuhi maziwa ya jioni ya kijiji kizima yalikuwa yameganda.

Ulikuwepo, lakini nataka uyasikie kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Nilikuwa nyuma yako nimeshika mita ya kupimia umeme. Maziwa yalikuwa yanamwagwa mtaroni, na mbwa walikuwa wameshajua. Wanawake walikuwa wamesimama na mitungi yao mitupu, wengine wamebeba maziwa mapya ya asubuhi wasijue wayapeleke wapi. Mwenyekiti akauliza taratibu, kwa maana ni mtu mpole.

"Fundi, sasa hii maziwa imeharibika aje, na tanki ni mpya?"

Nilikungoja useme. Nilikuwa tayari hata useme hujui bado. Ukajifuta mikono, ukasema:

"Ni hiyo orodha. Ilitolewa na programu ya msichana. Mimi nilifuata tu vile ilisema."

"Ati uliachia mtoto tanki yetu?" akauliza Mama Kanini, mmoja wa wanawake wale wa mitungi.

"Si unajua watoto na hizi kompyuta zao."

Kuna mwanamke mzee, yule wa kule chini mtoni, akasema, "Ng'ombe yangu iko na akili kuliko hiyo programu. Ikiwa haitaki kukamwa, inakupiga teke, unajua." Watu wakacheka, hata wale waliopoteza maziwa. Na wewe, baba, ulicheka nao. Kidogo tu. Niliona bega lako likitikisika.

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli, msichana?"

Unanijua. Hata kanisani nikiombwa kusoma somo, mimi huugua asubuhi hiyo. Nilitazama mita kana kwamba jibu lilikuwa linakuja kwenye kioo chake. Na mtu mmoja nyuma akasema, "Kasichana kanajua kamekosa, ona vile kanaangalia chini."

Tulipofika dukani niliufungua mchoro na faili, moja upande huu na nyingine upande ule, nikakuonyesha. Ilikuchukua muda mfupi sana kuona, kwa sababu wewe ni fundi mzuri. Ukasema, "Sawa, nimeona." Ukafunga kompyuta. Kisha ukaniambia, "Usiongee na watu hii maneno. Itaisha yenyewe." Ukaenda ukabadilisha rezista peke yako, na tanki likapoa vizuri tangu siku hiyo, na watu wa Gakindu wakakushukuru kwa kurekebisha makosa ya binti yako.

Haikuisha yenyewe. Kwako iliisha. Wiki iliyofuata Mama Kanini alikuja kuchukua mashine yake ya kuangulia vifaranga, ile aliyokuwa ameniletea mimi, kwa mkono wake, akisema anataka itengenezwe na msichana mwenzake. Alikuja ulipokuwa umeenda benki. "Usichukie, msichana wangu," akasema, "lakini mayai siwezi kujaribisha nayo." Akaibeba mgongoni kwa leso kama mtoto. Mwingine alisimama mlangoni na redio yake, akaniona niko peke yangu, akasema atarudi. Na sasa wewe unakwenda Kutus na kuniachia funguo. Unamwambia kila mtu, "Duka linabaki na Maitu." Duka gani, baba? Nitakaa humo na vifaa vyako na jina uliloniharibia, nikifuta vumbi. Mpango wetu ulikuwa duka hili linilishe mimi na Mama hadi nijue nitasoma wapi. Kwa jina hili halitamlisha hata paka.

Na bado hasira yangu haikuwa imefika hapa ilipo leo. Ilifika hapa siku Injinia Murimi alipokuja kutoka Kutus.

Uliniambia ni mtu anayetengeneza mashine za kuendesha pampu za wakulima wa mpunga, na kwamba anatafuta fundi. Nilipika chai. Nilifurahi kwa ajili yako, sikudanganyi. Nilijua ni muda gani umeingoja kazi yenye mshahara wa mwezi. Nilisimama kando na chupa ya chai, nikamsikia akilalamika.

"Sisi tuko na michoro kabati mzima, Fundi, na mingine kwa kompyuta. Msichana wa ofisi anatoa orodha akisoma kwa skrini, hadi macho inamuuma, na bado anaruka vitu."

Ukavuta kompyuta karibu. Ukafungua mchoro wa pampu, ukaiendesha programu yangu, na orodha ikatoka kabla hajameza chai iliyokuwa mdomoni.

"Hii kitu umeandika wewe?"

"Ni mimi. Jioni jioni, kazi ikiisha."

"Na hapa umeandika chuja. Hiyo inafanya nini?"

Ukatazama skrini. Nilikuona ukitafuta. "Aa, hiyo ni jina tu," ukasema. Kisha ukaniona, na nadhani uliogopa uso wangu, kwa maana ulisema kwa haraka, "Maitu, ongezea mgeni chai."

Nikamwongezea. Uliniita mama yako katika pumzi ileile uliyoninyang'anyia kazi yangu. Gakindu, palipokuwa na maziwa mtaroni, programu ilikuwa ya msichana. Pale mezani, palipokuwa na kazi, ikawa yako.

Nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha. "Mwache baba yako aende na heshima yake," akasema. "Mwanamume akipata kazi na umri huo, usimtilie mwiba njiani." Nikamuuliza, na heshima yangu? Akasema mimi bado ni mdogo, heshima yangu itaota tena. Nimeifikiria sana kauli hiyo. Labda ni kweli kwa mtu anayeondoka. Mimi ninabaki. Nitapita pale kwenye kituo cha maziwa kila siku ya maisha yangu ya hapa.

Mama mzazi akimwandikia mtoto anayeondoka humpa alichojifunza kwa taabu. Mimi sina miaka mingi ya kutoa humo, lakini nina hiki kimoja. Nimeishi nikidhani kunyamaza ni adabu. Shuleni mwalimu alimsifu msichana mwingine kwa kazi tuliyoifanya wawili, na mimi nikanyamaza, na nikarudi bwenini nikijiona mtu mwema. Nilidhani watu wanaona, na kwamba anayeona atasema. Hapana. Watu wakikuona umenyamaza huweka vitu vyao juu yako, kama wanavyoweka juu ya meza. Wewe uliona nimenyamaza Gakindu, ndipo ukajua ninaweza kunyamaza pia mbele ya Injinia. Mara ya pili uliijengea juu ya ya kwanza. Ukifika Kutus na kumwona kijana wa ofisi aliye kimya, usimwekee kitu juu.

Sasa nikuambie kuhusu programu yenyewe. Najua unayo kwenye kompyuta yako, na najua umeahidi kwamba utatoa orodha za michoro yao yote. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Ningeweza kuifuta kwako nikabaki na yangu. Tena ningeweza kuiacha vile ilivyokuwa, nikakaa kimya, nikangoja uone. Michoro ya Kutus imechorwa na watu wengi kwa miaka mingi, na wote hao walifundishwa na watu wa penseli. Wote huandika pembeni. Pampu ya kwanza kuungua shambani, Injinia angekuuliza kwa nini, na safari hii hakungekuwa na msichana wa kumnyooshea kidole.

Sikufanya hivyo, na usidhani ni kwa sababu nimekusamehe. Mkulima wa mpunga hajanikosea chochote. Nimeongeza sehemu ya nne. Nimeiita onja. Inatembea karibu na kila kifaa ikitafuta maandishi yaliyoachwa pembeni, na ikikuta namba isiyolingana na ile ya ndani, inasimama na kukataa kutoa orodha mpaka mtu aje atazame kwa macho yake. Nimeijaribu kwa mchoro wa Gakindu. Ilikataa mara moja. Nimejaribu pia michoro yako mingine, ile ya zamani, na baba, imekataa karibu yote. Hatukuharibu maziwa siku moja tu kwa bahati mbaya. Tulikuwa tumebahatika siku zile nyingine. Injinia akikuuliza onja inafanya nini, usimwambie ni jina tu. Mwambie imetoka wapi.

Juu kabisa ya programu nimeandika jina langu. Halikuwepo zamani kwa sababu sikufikiri linahitajika nyumbani. Ukilitoa, programu itaendelea kufanya kazi vilevile. Sikuweka mtego. Nataka tu ukilitoa, ulitoe kwa mkono wako, ukijua unachokifanya.

Umeniuliza mara mbili leo kama mimi ni mgonjwa. Sasa unajua. Sijaacha kukupenda, na kwa kweli hilo linanikasirisha zaidi, maana ingekuwa rahisi. Naandika hii ukiwa nje unamwonyesha jirani picha ya gari la Injinia kwenye simu yako, unamwambia watakuja kukuchukua hadi nyumbani kama bwana mkubwa. Nasikia unavyocheka. Ni kicheko kizuri. Sitaki kukiharibu usiku huu, kwa hivyo barua nitaiweka juu ya sanduku lako utakapokuwa umelala, uisome asubuhi.

Utakapoisoma mimi sitakuwa nyumbani. Gari lako linakuja saa nne. Wakulima huwa kituoni tangu alfajiri, na kesho ni siku ya mkutano, hawatatawanyika mapema. Nitakuwa pale na kompyuta yangu, nimeufungua mchoro upande mmoja na faili upande mwingine, kama nilivyokuonyesha wewe. Nimemwomba mwenyekiti nafasi. Aliniuliza ni ya nini, nikasema ni ya kusema. Akasema, "Wewe?" Nikasema ndiyo.

Muda wa kufika unao, ni mwendo wa kupanda tu. Ukija, sema mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nitafunga kompyuta niketi chini nisifungue kinywa, na nitakuheshimu kwa hilo siku zote. Usipokuja nitasema peke yangu. Nitasema vibaya, sauti itapotea katikati, na yule mwanamke wa mtoni atanitania tena. Nitasubiri wamalize kucheka, halafu nitaendelea.

Wangui